Ndege wa Nkasi Waandikwe na Nani?

 

Msikilizaji wangu, leo nataka tuongee jambo ambalo wengi wakilisikia hucheka kwanza, wakamaliza kucheka ndipo wakauliza. Ni habari ya kwenda porini Ijumaa jioni, kupiga kambi, kulala huko siku mbili na kurudi Jumapili. Huendi kuwinda, huendi kurina asali, huendi kutafuta mbao. Unakwenda kutazama ndege.

Najua unachosema hapo ulipo. Unasema, ndege si hawa hawa tunaoamka nao? Mtu mzima achangie mafuta ya gari, abebe hema na blanketi, alale kwenye baridi ya Ufipa, ili amwone ndege ambaye kesho atamkuta kwenye ulezi wake na kumfukuza kwa kupiga debe? Swali ni la haki, na sitalikwepa. Ila nikutangulizie jambo moja ili ujue tunakoelekea. Wanaosafiri kuja kuwatazama ndege wa huku mara nyingi ni wageni. Wanaowajua ndege wa huku ni wenyeji. Wanaoandika habari zao ni wageni tena. Hapo katikati pana kitu kinaanguka chini, na hakuna anayeinama kukiokota.

Tuanze na mahali penyewe. Namanyere, makao makuu ya wilaya yetu ya Nkasi, imekaa juu ya uwanda wa Ufipa. Ukielekea magharibi, ardhi inaporomoka zaidi ya nusu kilomita kwenda chini mpaka Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako mita 773 kutoka usawa wa bahari. Ukielekea mashariki, inaporomoka tena mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Huku juu tuna nyasi, tuna mabonde ya majimaji, na kule karibu na Sumbawanga tuna msitu wa baridi wa Mbizi. Mteremkoni kuna miombo, kilomita kwa kilomita. Chini kuna ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika.

Ndege anachagua makazi kama sisi tunavyochagua kiwanja, na makazi yakibadilika, wenye nyumba nao wanabadilika. Huku juu, kwenye bonde lenye maji, unaweza kumkuta korongo taji, yule mwenye nywele za dhahabu kichwani, ndege wa taifa la jirani zetu Waganda. Tangu 2012 amewekwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu mabonde anayotagia yanalimwa. Teremka kidogo uingie kwenye miombo, na korongo taji humwoni tena. Sasa ni zamu ya hondohondo, ya gogota, ya zuakulu, ya ndege wadogo wa majani ambao hawaishi popote pengine ila kwenye miti ya jamii hii. Teremka mpaka Kipili, na hao nao wamekuacha. Furukombe analia juu ya mti wa ufukweni, mnandi wamepanga mstari juu ya jiwe wanakausha mabawa, mdiria anasimama hewani palepale kisha anajitupa majini. Safari yote hiyo ni ya asubuhi moja kwa gari. Kuna nchi ambazo mtu hulazimika kuzivuka nzima ili aone tofauti ya namna hiyo.

Na kaskazini mwa mji wetu kuna Pori la Akiba Lwafi, zaidi ya kilomita za mraba 2,000, chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Wengi wetu tunalijua kwa kulisikia tu, au kwa kesi za walioingia bila ruhusa. Pori la akiba si shamba la bibi, hilo tukubaliane. Lakini halikufungwa kwa mwananchi anayefuata utaratibu. Unaomba kibali mapema, unapewa namba ya malipo, unalipa, unapangiwa askari wa wanyamapori mwenye silaha. Usimwone askari huyo kuwa ni mzigo, maana ndani kuna nyati na tembo, na tembo hasomi kibali. Ulizia pia msimu wa uwindaji wa kitalii, usije ukapiga hema mahali ambapo wenzako wamelipia kupiga risasi.

Vifaa nitavipitia haraka. Hema, blanketi zito, sufuria, unga, dagaa wa Kirando, nyanya na vitunguu, maji ya kutosha na ya kuchemshwa. Nguo ziwe za rangi ya udongo au majani makavu. Usivae bluu wala nyeusi, kwa sababu mbung'o anazipenda rangi hizo mbili kupita kiasi. Ndiyo maana mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi. Halafu darubini. Ukiiona imeandikwa 8x42, namba ya kwanza inakwambia inakuza mara nane, ya pili inakwambia kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Kioo kikiwa kipana kinaingiza mwanga mwingi, na mwanga ndio unaoutafuta alfajiri chini ya miti. Watu wanne wanaweza kwenda na darubini moja wakipokezana, ili mradi asiwepo mmoja anayeing'ang'ania.

Wakati? Mimi napenda Oktoba. Nyasi zimeungua au zimelala, unaona mbali. Miombo imekwisha kuchipua majani yale mekundu na ya rangi ya shaba, yanayotangulia mvua. Ndege wengi wanaanza kuimba na kutafuta pa kujenga. Wageni kutoka kaskazini ya dunia nao wanaanza kuwasili. Ukichelewa mpaka Desemba, barabara itakufundisha adabu.

Sasa nikupeleke kambini. Usiku wa kwanza huoni ndege, unawasikia. Kirukanjia anakariri neno lake moja, bundi wawili wanajibizana, fisi mbali anauliza kama kuna kilichobaki. Kabla hakujapambazuka inaanza ngoma nzito, ya chini, inayosikika kilomita kadhaa. Huyo ni mumbi, hondohondo mkubwa mweusi mwenye ngozi nyekundu usoni, anayetembea ardhini na familia yake. Wazee wa makabila mengi ya Afrika wanamhusisha na mvua, na kwa sababu hiyo wengi waliogopa kumuua. Woga ule ulimlinda. Leo woga unapungua, na ndege huyu ni mzito wa kuzaa: familia nzima ya watu wazima inalea kifaranga mmoja, na wanaweza kupita miaka kadhaa kabla ya mwingine kufanikiwa. Kundi likipoteza mama, usitegemee pengo lizibwe mwakani.

Jua likishatoka, mgeni wa miombo hupata kishindo cha aina nyingine: anatembea saa nzima haoni kitu. Miti imesimama, kimya, nzi tu wanamwandama usoni. Anaanza kuhesabu hasara ya mafuta. Mara ghafla miti yote iliyomzunguka ina ndege. Wako aina saba, nane, kumi, kila mmoja na kazi yake. Mmoja anapekua majani ya juu, mmoja anatambaa kwenye gamba la mti, mwingine anagonga matawi makavu, mwingine anadaka wadudu wanaokurupushwa na wenzake. Dakika chache, wamepita, na kimya kinarudi. Ndege wa miombo wanatembea kwa misafara, hasa majira ya kiangazi, kwa sababu macho mengi humwona kipanga mapema, na wadudu wanaokimbia mdomo mmoja huangukia mwingine. Ukiupata msafara, usiukimbilie. Tazama msafara unaelekea wapi, utangulie mbele, kaa chini.

Mara nyingi katika msafara huo yumo mramba, mweusi tii, mkia umegawanyika kama wa samaki. Yeye ni mlinzi. Akiona hatari anapiga kelele, wote wanajificha. Lakini mlinzi huyu ni mjanja. Watafiti waliowafuata mramba katika jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, walikuta kwamba wakati mwingine anapiga kelele ya hatari pasipo hatari yoyote, tena kwa kuiga sauti ya mnyama au ndege anayetaka kumwibia. Mwenye chakula anakidondosha na kukimbia, mramba anashuka anakila. Matokeo yao yalitoka katika jarida la Science mwaka 2014, na walikadiria kwamba karibu robo ya chakula cha mramba kwa siku hupatikana kwa wizi wa namna hiyo. Kwa hiyo ukimwona, msalimie, lakini shika kiatu chako.

Nimesema watafiti. Hapa sasa tunaingia kwenye kiini cha mazungumzo.

Nje ya mpaka wa pori, kwenye msitu wa kijiji, tuliongozana na mzee mmoja mrinaji. Amevaa koti lililotoboka viwiko, shoka begani, mdomoni hana haraka ya maneno. Sisi vijana wa mjini tulikuwa na darubini na kitabu cha picha. Yeye alikuwa na masikio. Kila tulipofungua kitabu kutafuta ukurasa, yeye alikuwa amekwisha kusema ni nani, yuko juu au chini, na anagombana au anaita mke.

Basi ukaanza mlio juu yetu, mkavu, wa haraka, ni kiberiti kabisa kinachotikiswa na mtu mwenye hasira. Mzee akasimama. Juu ya tawi la mninga alikuwepo ndege wa kawaida sana kwa sura: kahawia mgongoni, koo jeusi, doa jeupe shavuni, mdomo wa waridi. Mlembe. Yule anayewaongoza watu kwenye asali.

"Mzee, tumfuate?" mmoja wetu akauliza, mguu umekwisha kutangulia.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Lazima ajue kwamba tumekubali."

Akapiga mluzi mrefu, akagonga mti kwa mpini wa shoka, mara mbili, kisha mara mbili. Mlembe akaruka, akafungua mkia, manyoya meupe ya pembeni yakaonekana wazi, akatua mti wa tatu kutoka pale. Akalia tena. Tukaenda. Tulipokaribia akaruka tena. Mzee alikuwa anaongea naye njia nzima, kwa Kifipa, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mdai wake: haya, tumekuona, twende, tutagawana.  Kisha mlio wa mlembe ukabadilika, ukawa wa polepole, naye akawa haendi mbele tena, anazunguka miti ile ile. Mzee akasema, "Ameshafika. Kazi iliyobaki ni yetu." Akaangalia mashina dhidi ya mwanga, moja baada ya jingine, mpaka akaona nyuki wanaingia kwenye ufa wa mti, juu ya vichwa vyetu.

Moshi, shoka, miiba michache shingoni, na masega yakatoka. Mzee akakata kipande cha sega lisilo na asali nyingi, akaliweka juu ya majani mahali peupe. Mlembe hafuati asali sana. Anachotaka ni nta, na mabuu wa nyuki, na ni mmoja wa viumbe wachache sana duniani wanaoweza kuimeng'enya nta. Mzee akatwambia, "Huyu hata ukimnyima hatakushtaki popote. Ila kesho utamwita na hatakuja."

Sasa sikiliza. Padri wa Kireno, João dos Santos, aliyekuwa Sofala, Msumbiji, aliandika mwaka 1588 juu ya ndege mdogo aliyekuwa akiingia kanisani kula mishumaa, na ambaye pia aliwaongoza watu kwenye nyuki. Kwa karne nyingi baadaye, wako wasomi walioichukulia habari hiyo kuwa hadithi nzuri tu. Mwaka 2016, mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walitangaza utafiti waliofanya na warinaji wa Kiyao katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Walipima. Mrinaji akitembea porini akitoa sauti nyingine yoyote, nafasi ya kuongozwa na mlembe ilikuwa asilimia 33. Akitoa mwito wa jadi wa Wayao, ikapanda mpaka asilimia 66. Na nafasi ya kuonyeshwa mzinga wenye nyuki ikatoka 16 hadi 54. Mwaka 2023, Spottiswoode na Brian Wood wakaja na la pili. Walilinganisha Wayao wa Niassa na Wahadzabe wa hapa Tanzania, ambao hawatumii mwito wa Wayao bali mluzi. Mlembe wa nchi ya Wahadzabe alikuwa tayari kuitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Ina maana ndege hawa wamejifunza lugha ya watu wa kwao.

Hata malipo yanatofautiana. Mzee wetu anaacha sega. Wahadzabe, kama watafiti walivyoona, mara nyingi hufukia au huchoma nta iliyobaki ili ndege abaki na njaa, aendelee kuongoza. Kila kabila na sera yake ya ajira.

Na usimfanye mlembe malaika. Hajengi, halei. Anatagia kwenye mashimo ya ndege wengine, keremkerem kwa mfano, na kifaranga wake huanguliwa na ndoana kali kwenye ncha ya mdomo, anawaua watoto wa mwenye nyumba kabla hajafumbua macho. Ndege aliyempa mzee wetu asali ameanza maisha namna hiyo.

Nilichotaka ukione ni hiki. Walichokitangaza wanasayansi mwaka 2016, mzee yule alifundishwa na baba yake bila asilimia yoyote. Hakuna aliyekuwa mwongo katika hao wawili, na hakuna aliyekuwa na habari nzima. Mzee alijua mwito unafanya kazi. Hakujua kwamba mlembe wa nchi nyingine angeupuuza. Mtafiti alijua kulinganisha, lakini bila warinaji asingekuwa na cha kulinganisha.

Nikupe mfano mwingine, wa zamani na wa mbali. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umepita shingoni. Mkuki ule ulikuwa wa Afrika. Ndege alichomwa huku, hakufa, akaruka nao mpaka Ulaya. Bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mkuki wake. Wakati ule Wazungu wasomi walikuwa bado wanabishana korongo huenda wapi wakati wa baridi. Wako waliosema hujificha, wako waliosema hulala kwenye matope. Jibu likawaangukia likiwa na mkuki shingoni. Sasa fikiria mtu aliyeurusha. Yeye alijua kila mwaka korongo wanafika kwake, anajua mwezi, anajua wanakula nini. Kule Ulaya walijua tu kwamba wanaondoka. Kila upande ulikuwa na nusu ya habari, na nusu mbili zile zilikutana kwa bahati.

Hapa kwetu pia imetokea, na si zamani. Mwaka 1997 watafiti walichapisha taarifa kwamba wamewakuta sokwe katika eneo la mto Lwazi, mkoani kwetu Rukwa, na kwamba huo ndio mpaka mpya wa kusini wa sokwe wa porini. Mwaka 1997, ndugu msikilizaji. Wengi mnaonisikia mlikuwa mmekwisha kuzaliwa. Hao ni wanyama wenye ukubwa wa mtu na kelele za kijiji kizima. Kama sokwe walisubiri mpaka mwaka huo kuingia kwenye vitabu, unadhani ni ndege wangapi wadogo wa mteremko wetu ambao mkulima wa Wampembe anawajua na daftari halijawajua?

Utaniuliza, sawa, tukishaandika itatusaidia nini? Nilisema sitalikwepa swali lako. Sitakudanganya kwamba watalii watapanga foleni Namanyere. Sisi ni mbali, na umbali una gharama. Kuna kazi za kuongoza wageni, ndiyo, na kijana anayeweza kumtaja ndege kwa sauti atalipwa zaidi ya kijana anayebeba mizigo. Lakini faida ya kwanza iko shambani.

Waulize wazee habari ya nzige wekundu. Bonde la Rukwa ni moja ya mahali pachache Afrika ambapo nzige hawa huzaliana na kuondokea. Balaa lililoanza mwaka 1930 lilidumu mpaka 1944 na kuenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Ikweta. Baada yake, mwaka 1949, likaanzishwa shirika la kimataifa la kupambana nao, makao yake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, ng'ambo tu ya maporomoko ya Kalambo. Mtaalamu wake mmoja, Desmond Vesey-FitzGerald, aliingia bondeni Rukwa na kuandika, miaka ya 1950, jinsi ndege wanavyowala nzige: korongo, yangeyange, mwewe, kila mmoja na namna yake. Na mwaka 2009 nzige walipozidi tena, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitangaza kwamba zaidi ya hekta 10,000 zimenyunyiziwa katika nyanda za Iku na Katavi, Ziwa Rukwa na Malagarasi, kwa kutumia kuvu inayoua nzige badala ya sumu ya kawaida. Ndege anayekula nzige aliyekufa kwa sumu naye yuko hatarini, na ukimuua ndege huyo umemfukuza kibarua ambaye hujawahi kumlipa.

Tofautisha basi kati yake na kwelea kwelea, yule mdogo wa mdomo mwekundu anayeshuka kwenye mpunga na mtama kwa maelfu. Huyo ni adui kweli, simtetei. Lakini anaponyunyiziwa sumu kutoka angani, wanaolala naye kwenye miti ile ile hufa pamoja naye, na kozi wanaokuja kumla nao hufuata. Aliyeandika ndege gani wanalala wapi, na mwezi gani, anaweza kuonyesha mahali na wakati ambao madhara yatakuwa madogo. Asiyeandika atabaki kulalamika baada ya ndege kuruka na ndege ya kunyunyizia kuondoka.

Kwa hiyo ombi langu ni jepesi. Usisubiri hema wala darubini. Vikija, vizuri, twende Lwafi tukafurahi. Kwanza nunua daftari la shule. Andika tarehe, saa, kijiji, uko shambani au msituni au ufukweni. Andika jina la ndege kwa Kifipa kama unalijua, na hilo liwe la kwanza, kwa sababu la Kilatini lipo vitabuni na halitapotea, la Kifipa liko kichwani mwa bibi yako. Andika ni wangapi na wanafanya nini. Kama humjui, eleza: mdomo, mkia, rangi ya miguu, mlio. Mwenye simu ya intaneti ajiunge na mtandao wa eBird bure, atume orodha yake, itabaki kwenye kumbukumbu za dunia na jina la mahali petu. Upo pia mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ulioendeshwa kwa miaka mingi na Neil na Liz Baker, unaokusanya taarifa za namna hii kutoka kila pembe ya nchi yenye aina zaidi ya 1,100 za ndege. Na walimu, klabu za Malihai, zile za uhifadhi shuleni, zimekuwepo Tanzania tangu 1980. Kama shule yako inayo klabu ya jina tu, hii ndiyo kazi yake.

Na vijana mtakaokwenda kambini, nawaombeni jambo moja zaidi. Mchukueni mrinaji mmoja, mlipeni posho kama mnavyomlipa dereva, na mumwache yeye aongoze. Asiwekwe nyuma kubeba sufuria. Muulizeni warinaji wa kijiji chake wanamwitaje mlembe, mluzi ni mrefu au mfupi, na wanamwachia nini. Rekodini kwa simu, kwa ridhaa yake, na jina lake liandikwe pale juu kama mwalimu.

Kuanzia Oktoba tutapokea tarehe zenu hapa kituoni: mbayuwayu wa kwanza umemwona lini, korongo wa kwanza lini, mumbi amelia upande gani wa kijiji. Tutazisoma hewani kijiji kwa kijiji, Kabwe mpaka Wampembe, na vijiji vitakavyonyamaza tutavitaja pia, mjiandae kuona aibu. Mwakani tutazilinganisha, mwaka wa tatu tutaanza kuona mwelekeo, na siku mtafiti atakapofika Nkasi kuuliza ndege wetu, atakuta daftari limetangulia.